Unakuja Minneapolis wakati wa baridi? Anza na miguu

Kwanza niseme wazi, ile baridi ya Limuru mnayoijua sio baridi. Mimi nilitua Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, katikati ya Januari na jaketi ya mtumba niliyoambiwa ni nzito kabisa, na raba za kitambaa, na kutoka mlango wa uwanja wa ndege mpaka kwa gari ya binamu yangu ilikuwa dakika tatu tu lakini vidole vya miguu sikuvisikia mpaka tumefika nyumbani. Usiku wa Januari hapa unashuka kama nyuzi 13 chini ya sifuri na hiyo ni kawaida tu, tarehe 30 Januari 2019 ilifika 33 chini ya sifuri, na hapo bado hujaweka upepo.

Kwa hivyo usimalize pesa kununua koti Nairobi. Makoti yanayouzwa huko hayajatengenezewa hii hali. Mwambie anayekuja kukuchukua abebe koti, kofia na buti ndani ya gari, kila mtu hapa ana koti la ziada. Halafu wiki ya kwanza nenda maduka ya mitumba kama Goodwill au Savers, utapata koti la maana kwa bei ya chini, na nguo katika jimbo la Minnesota hazilipiwi kodi ya mauzo. Buti nunua mpya kama unaweza, ziwe kubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie bila kubana. Watu wengi wanafanya kosa la kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana, damu haipiti na miguu inaganda haraka zaidi. Nguo ya ndani isiwe pamba, pamba ikishika jasho inakaa na maji na ukitoka nje unatetemeka. Juu yake vaa sweta, halafu koti lisilopitisha upepo. Na glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja.

Kwa simu usiangalie nyuzi peke yake, angalia pale panaonyesha inahisi kama ngapi, kwa sababu upepo ndio unakata. Siku mbaya ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Ukiona kidole au sikio limekufa ganzi na ngozi imepauka kama ina majivu, ingia ndani, weka kwa maji ya vuguvugu, usisugue na usikae karibu na hita maana utaungua na hutasikia. Ikibaki ganzi nenda hospitali.

Na barafu ile ya barabarani huwezi kuiona, unafikiri ni lami imelowa tu. Tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Nyumba sasa. Kabla hujasaini, uliza kama joto liko ndani ya kodi ya nyumba au unalipa mwenyewe, hiyo tofauti utaijua Februari. Ukilemewa na bili usijifiche, kuna sheria hapa inayofanya kazi kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, ukipigia kampuni simu mkapatana mpango wa kulipa kidogo kidogo na ukautimiza, hawakukatii joto. Lakini lazima upige wewe. Na tafadhali sana, hii naomba kwa moyo wote, usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba na usipashe nyumba moto kwa oveni ya gesi, wala usiache gari ikinguruma ndani ya gereji. Ile hewa ya sumu inayotoka, kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Hakikisha kengele ya hewa hiyo iko karibu na chumba cha kulala na betri inafanya kazi, sheria inamtaka mwenye nyumba aiweke. Hewa ya ndani pia ni kavu sana, pua inatoka damu, midomo inapasuka, kwa hivyo jipake mafuta ukiwa bado umelowa baada ya kuoga, na kunywa maji hata kama huna kiu.

Kazi. Kama umekuja na grini kadi na kwa fomu uliomba namba ya Social Security, ile namba ya serikali ambayo mwajiri atakuuliza, kadi inatumwa kwa posta, kwa hivyo jina lako liwe limeandikwa kwa boksi la barua. Ukiona wiki tatu zimepita hakuna kitu, nenda ofisi yao mwenyewe. Wakenya wengi hapa tunaanzia grupu homu, yaani nyumba za kutunza watu wenye ulemavu, au nyumba za wazee, na kama unataka ile kazi ya kuhudumia wagonjwa kozi yake ni saa 75 au zaidi kidogo, na kuna waajiri wanaokulipia. Watakukagua rekodi kabla hujaanza, ni kawaida. Kitu ninachotaka ushike ni shifti. Utaambiwa chukua dabo, chukua wikendi, na pesa ya ovataimu ni tamu kweli, mimi nilichukua miezi minne mfululizo na nikajikuta nasinzia kwa usukani nikirudi nyumbani kwa theluji. Nyumbani watasubiri, tuma unachoweza na sema unachoweza.

Gari lazima, mabasi yapo lakini ukipewa shifti ya usiku vitongojini utakwama. Ukishahamia una siku 60 za kuchukua laiseni ya Minnesota, na laiseni ya Kenya haikuepushi na mtihani. Tangi lisishuke chini ya nusu, ndani weka blanketi, koleo ndogo ya kuchota theluji, waya za kuwashia gari betri ikifa. Ukiteleza toa mguu kwa mafuta na elekeza usukani unakotaka kwenda, usikanyage breki kwa hasira. Theluji ikianguka nyingi jiji linatangaza dharura ya theluji, siku tatu kila siku na sheria yake ya kupaki, usipofuata gari inavutwa na kuikomboa ni hela nyingi. Jiandikishe upate ujumbe kwa simu.

Kitu cha mwisho ni giza. Desemba jua linatoka karibu saa mbili asubuhi na linazama saa kumi na nusu jioni, ukifanya usiku unaweza kumaliza wiki bila kuliona. Mimi nilidhani ninaumwa, daktari akapima damu akakuta vitamini D iko chini. Omba upimwe. Mchana toka nje hata dakika ishirini, au ukiwa katikati ya jiji tembea kwa zile njia za vioo za ghorofani, Skyway, zinaunganisha majengo na hazina baridi. Na tafuta kanisa au msikiti wenye watu wenu, hata kama nyumbani hukuwa mtu wa kwenda.

Ukitoka shifti saa moja asubuhi wakati wa baridi, Nairobi ni saa kumi jioni. Piga simu kwa mama hapo hapo kabla hujalala, kwa sababu ukiamka kwao ni usiku wa manane. Machi saa za hapa zikisogezwa mbele, itakuwa saa tisa.