Sarafu Yenye Kasoro: Namna ya Kuitambua na Kuamua Kama Inafaa Kupimwa Daraja

Kabla ya kuuliza sarafu yenye kasoro ina thamani gani, uliza kasoro hiyo ilitokea wapi: kiwandani, au baada ya sarafu kuanza kupita mikononi mwa watu. Kosa la kiwandani hutafutwa na wakusanyaji, ilhali jeraha la baadaye halina soko hata likiwa la ajabu namna gani. Mifano mingi hapa ni ya senti ya Marekani yenye sura ya Lincoln, kwa sababu makosa yake yamechunguzwa kwa kina kwa miaka mingi.

Utahitaji lensi ya mkononi inayokuza mara 10, taa moja unayoweza kuielekeza upande, mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na sarafu nzima ya aina na mwaka uleule ya kulinganishia. Hiyo ya mwisho wengi huipuuza, nayo ndiyo yenye msaada kuliko vyote, maana mambo mengi yanayodhaniwa kuwa kasoro hukutwa vilevile kwenye sarafu ya kawaida. Ishike sarafu kwa ukingo, na usiisafishe kwa kitu chochote.

Sarafu huanza kama kisahani cha madini kilichokatwa kwenye bamba, kikasukumwa ukingo ili uinuke, kisha kikagongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Kwa hiyo kosa huwa la kisahani, la muhuri au la ugongaji wenyewe, na ukishajua ni la hatua gani, umekwisha kufanya nusu ya kazi.

Kosa la muhuri linalojulikana sana ni la senti za mwaka 1955 zilizotoka kiwanda cha Philadelphia. Muhuri wa upande wa kichwa ulipokuwa ukitengenezwa, ulikandamizwa chini ya kiolezo zaidi ya mara moja, na mkandamizo mmoja haukukaa sawasawa juu ya mwingine. Matokeo yake, maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST pamoja na tarakimu za mwaka yanaonekana mara mbili waziwazi, bila hata lensi, ilhali upande wa nyuma ni wa kawaida kabisa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya 20,000 ziliingia katika mzunguko. Mwaka huohuo zilitoka pia senti ambazo tarakimu 5 ya mwisho pekee ina kivuli chembamba, kilicholetwa na muhuri uliochakaa. Hizi huuzwa kwa maneno matamu kana kwamba ni za ukoo mmoja na zile, nazo hazina thamani ya kutajwa.

Kivuli kingine kinachowapoteza wengi ni cha muhuri uliotikisika wakati wa kugonga. Ielekeze taa ubavuni mwa herufi moja na uitazame kwa lensi: ukiona ngazi bapa, ya chini, iliyoikwangua herufi na kuiacha nyembamba, huo ni mtikisiko tu. Muhuri uliokandamizwa mara mbili huacha herufi nene, yenye miinuko miwili ya mviringo, na ncha zake hupasuka kwa mfereji unaoonekana.

Makosa ya kisahani huamuliwa na mizani kuliko macho. Mwaka 1943, shaba ilipohitajika vitani, senti za Marekani zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini chache mno ziligongwa kwenye visahani vya shaba vilivyosalia. Senti ya kweli ya aina hiyo ina uzito wa takriban gramu 3.11 na hainasi kwenye sumaku. Ile ya chuma iliyopakwa shaba na matapeli hunasa papo hapo. Wengine huchukua senti ya 1948, ambayo ni ya shaba, na kuikwangua 8 ya mwisho ifanane na 3, kwa hiyo kushinda jaribio la sumaku hakutoshi. Vivyo hivyo, senti ya 1983 hupaswa kuwa ya zinki yenye gramu 2.5, ikifika gramu 3.1, huenda iligongwa kwenye kisahani cha shaba, ihifadhi vizuri.

Sarafu iliyomegeka kipande cha duara, tazama ukingo wake mkabala na pengo. Kisahani kikiwa na pengo tangu awali, upande wa pili hukosa shinikizo wakati wa kuinua ukingo, na kwa kawaida ukingo hapo hufifia. Ukiwa imara kabisa, shuku kwamba pengo limekatwa baadaye kwa kifaa.

Sasa suala la daraja, yaani namba inayoonyesha hali ya sarafu. Kampuni zinazoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987. Hupima kwa vipimo vya 1 hadi 70 na kuifungia sarafu ndani ya kasha la plastiki. Ada ya kupima si gharama yote, kwa kuwa kutambuliwa kwa kosa mara nyingi hutozwa zaidi, na juu yake kuna usafirishaji na bima. Aliye Mombasa au Dar es Salaam atalipia safari ya ng'ambo kwenda na kurudi. Tafuta bei ambazo sarafu kama yako zimeuzwa kweli mnadani, si bei ambazo wauzaji wanazitamani. Kwa maoni yangu, ikiwa daraja haliongezi thamani kwa angalau mara mbili ya gharama zote, iache sarafu nyumbani. Nyufa ndogo za muhuri na malengelenge kwenye senti za zinki huangukia hapa karibu zote.

Senti ya 1955 au ya shaba ya 1943 ni jambo jingine: kwa hizo unanunua uthibitisho kwamba si bandia, na bila huo mnunuzi makini hatakusikiliza. Sarafu iliyogongwa pembeni hutegemea zaidi imesogea kiasi gani na kama mwaka unasomeka, kuliko namba ya daraja. Iliyosafishwa hurudi ikiwa imethibitishwa lakini haina namba, na bei yake hushuka.

Ukiamua kuipeleka, piga picha pande zote mbili na juu ya mizani, itie kwenye kifuko kisicho na PVC (aina ya plastiki inayoharibu sarafu), na uandike kosa kwa jina lake kwenye fomu ya maombi, kwani usipolitaja, sarafu yaweza kurudi na lebo ya kawaida baada ya ada kwisha kulipwa.