Kabla galaksi hazijapanda juu ya dari: mambo ya kuzingatia kwa mpiga picha wa anga Lamu

Galaksi zinazotamaniwa zaidi na wapiga picha, yaani zile za kundi la Virgo, Sombrero (M104), M83 na Centaurus A, hufika juu kabisa usiku wa manane kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Ndipo masika nayo yanapoingia. Kwa hiyo sisi wa Lamu hatuzingoji. Tunazifuata usiku mkubwa, Februari na Machi, kaskazi ikiwa bado inavuma na anga ni kavu. Katikati ya Februari Sombrero huwa utosini kama saa tisa na nusu usiku. Katikati ya Machi ni kama saa saba na nusu. Ukitoa siku za mbalamwezi na za mawingu, zinazobaki ni za kuhesabu kwa vidole. Matayarisho yote yawe yamekwisha Januari.

Anza na kalenda, na iwe ile ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, maana inakupa mwezi bila programu yoyote. Kwa kazi ya baada ya saa sita usiku, siku zako ni tangu tarehe 27 hivi hadi tarehe 7 ya mwezi unaofuata: mwezi mchanga huwa umeshatua kabla hujaanza. Kwa galaksi za jioni, kama NGC 253 mwezi wa Oktoba, geuza hesabu na uanze tarehe 22 kwenda mbele, mwezi unapochelewa kuchomoza. Adhana nazo zinakupimia giza. Alfajiri ya kweli huingia jua likiwa takriban nyuzi 18 chini ya upeo, na hicho ndicho kipimo cha wanaanga cha mwisho wa giza kamili. Toka Isha hadi Alfajiri, basi, una saa tisa na ushei. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na dari nyingi (yale mapaa bapa ya nyumba zetu) zina watu na taa mpaka daku, kwa hiyo mimi hupanga ibada kwanza, kisha picha katika saa zinazobaki.

Kitako cha darubini, kile kinachoizungusha ifuate nyota, ndicho kinachowaangusha wengi huku kwetu. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini haionekani, na ncha ya kusini ya anga, ambayo mhimili wa kitako lazima uilenge, iko nyuzi 2 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na kuta za watu. Vitako vingi vimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta. Mhimili wake haushuki hadi nyuzi 2, au ukishuka, ule uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Muulize muuzaji swali hili kabla hujatoa pesa: kinashuka mpaka nyuzi ngapi? Kama hakifiki, unaweza kurefusha mguu mmoja wa stendi, lakini jaribu mchana, darubini ikiwa haijapachikwa. Kulenga ncha usiyoiona si jambo la kukisia. Tumia programu inayopiga picha tatu mahali popote pa anga na kukokotoa kosa, au tazama nyota ya utosini inavyoteleza kwenye skrini na urekebishe taratibu. Jipe usiku mzima kwa hilo, usiku wenye mwezi ambao hauna kazi nyingine.

Ikweta hiyohiyo ina fadhila zake. Kutoka darini naona Andromeda upande wa kaskazini, ikipanda hadi nyuzi 46, na Mawingu ya Magellan upande wa kusini. Watu wengi duniani hupata kimoja wakikosa kingine. Hata setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa astronomia ya miale ya eksirei, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwa faida ya kuwa jirani na ikweta. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kuwa makundi ya galaksi, Virgo likiwemo, yamejaa gesi ya moto mkali. Nikielekeza darubini Virgo hukumbuka kwamba pwani yetu ilishalitazama kabla yangu.

Sasa chumvi na umande. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza sikununua mkanda wa joto, ule wa umeme unaofungwa kwenye darubini kuzuia umande, nikidhani umande ni shida ya nchi za baridi. Saa nane usiku nyota kwenye skrini zikaanza kuvimba, kila moja imezungukwa na ukungu kama maziwa. Nikapitisha mgongo wa mkono kwenye bomba la darubini: limeloa chepechepe. Nikakifuta kioo cha mbele kwa kitambaa cha pamba, tena safi, nikaendelea na kazi. Asubuhi, kioo kikiwa kimekabili dirisha, nikaona mikwaruzo myembamba kama nywele, imefuata njia ya mkono wangu. Ule umande ulikuwa umechanganyika na chumvi na vumbi la upepo wa bahari, na chembe za vumbi zikasugua kama msasa.

Kwa hiyo nunua mkanda wa joto kabla ya kununua kichujio chochote, na uuwashe mapema, kioo kikiwa bado kikavu. Weka kofia ndefu mbele ya bomba. Kioo kikichafuka, puliza vumbi kwa pampu ya mpira, kisha suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi, na usisugue. Kamera na lenzi zilale kwenye sanduku linalofunga kabisa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ulivyovikausha upya. Kila kiungo cha waya kikague kwa kidole: unga wa kijani ni kutu ya shaba, na waya huo utakukatia kazi katikati ya usiku.

Kibanda chenyewe kisiwe cha makuti, yanadondosha vumbi na yanashika moto. Mimi nina sanduku la mbao lenye mfuniko wa kusukuma kwa magurudumu, chini ya ukingo wa dari ili upepo usilipige. Miguu ya stendi iko juu ya ukuta wa mawe, si katikati ya dari, kwa sababu sakafu ya boriti na chokaa hucheza ukiikanyaga, na galaksi inageuka mstari. Ukitaka kujenga chochote katika Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, tafuta ruhusa kwanza.

Galaksi hutoa mwanga wa rangi zote, kwa hiyo vile vichujio vinavyookoa picha za nebula (mawingu ya gesi angani) mjini havikusaidii. Dawa ni giza lenyewe. Ujue pia ukubwa wa unachokitafuta. Andromeda ina upana wa miezi sita hivi, lenzi ya milimita 300 inaitosha. NGC 253 inakaribia upana wa mwezi mmoja. Sombrero haifiki theluthi ya mwezi, nayo inataka darubini ya milimita 1,000 au zaidi. Kamera yenye kupoza usiilazimishe nyuzi 20 chini ya sifuri wakati dari ina joto la 27. Chagua 5 au 10 chini, na picha za giza, zile za kufunika kamera ili baadaye uondoe madoa yake, uzipige kwa kiwango hichohicho. Umeme hukatika, basi betri ya lithiamu ya Ah 100 inamaliza usiku bila wasiwasi.

Na jambo ambalo mimi nimelitanguliza kuliko hata kitako: majirani. Dari zetu zinatazamana, na dari ya mtu ni stara yake. Kabla sijapandisha bomba nilikwenda kupiga hodi kwa bibi wa nyumba ya pili. Akanisikiliza, akaniambia, “Mwanangu, lisielekee kwangu tu.” Nikamwalika apande na wajukuu wake, nikamwonyesha kigingi nilichokifunga ili bomba lisiweze kushuka chini ya nyuzi 25. Alilisukuma mwenyewe kwa mikono miwili mpaka likagota. Mzee wa mtaa na chifu nao niliwaarifu. Usiku wa picha yangu ya kwanza ya M83, taa ya uani kwake, inayowaka kila siku mpaka asubuhi, ilizimwa mara tu baada ya Isha.