Kabla ya kununua RAM, tafuta herufi L

Ukitaka kuongeza RAM kwenye laptopu ya zamani, usiende dukani na jina la mashine tu. Izime, toa betri, fungua mfuniko wa chini, chomoa kipande cha RAM kilichomo usome lebo yake. Ikiandikwa PC3L-12800S, hiyo ni DDR3L, aina ya RAM inayotumia volti 1.35. Isiyo na L, yaani PC3-12800S, ni ya volti 1.5. Umbo ni lile lile na inaingia vizuri kabisa, ndiyo maana wengi wanauziwa isiyo yao. HP EliteBook 840 G1, kwa mfano, inataka yenye L. Ukiweka nyingine, skrini inaweza kubaki nyeusi ukadhani umeua mashine. ThinkPad T430 ni ya nyuma kidogo na kwa kawaida hupokea zote mbili, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua yenye L.

Herufi U mwishoni badala ya S? Hiyo ni ndefu, ya kompyuta ya mezani.

Na kama Windows yako ni ya biti 32, shughulikia hilo kwanza. Haitumii RAM zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16.