Kompaila inalia faili la .h haliko, nawe maktaba unayo

Juzi kijana wa Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, aliniletea laptopu yake. "Yaya, SQLite niko nayo, natumia kila siku, lakini `make` inasema haiko." SQLite ni maktaba ya kuhifadhi data, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia; `make` ni amri ya kujenga programu. Yeye alisema kweli, na `make` nayo ilisema kweli.

Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, maktaba hiyo imegawanywa katika vifurushi. `libsqlite3-0` inatosha kwa anayeendesha programu tu. Faili `sqlite3.h`, ambalo kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) hulisoma kabla ya kujenga, liko kwenye kifurushi kingine, wala hakiji chenyewe.

1. Panda juu hadi kosa la kwanza. Mstari wa mwisho wa `make` hausaidii kitu. Mashini yake inaongea Kifaransa, kama nyingi za huku:

`db.c:3:10: erreur fatale: sqlite3.h : Aucun fichier ou dossier de ce nom`

Chukua jina la faili tu. Ukitaka ujumbe wa Kiingereza ili utafute mtandaoni, andika `LC_ALL=C make`.

2. Tafuta kifurushi kwa jina la faili, usibahatishe.

`sudo apt install apt-file`
`sudo apt-file update`
`apt-file search -x '/sqlite3\.h$'`

Hiyo `update` inakula mega za intaneti. Kama umebakiza kidogo, fungua packages.ubuntu.com kwenye simu, utafute ndani ya vifurushi. Majina yanadanganya: `zlib.h` iko ndani ya `zlib1g-dev`, na kwa `Python.h` unasakinisha `python3-dev`. Ikikosekana hata `stdio.h`, anza na `build-essential`. Wa Fedora, Linux nyingine, watafute jina lenye mwisho wa `-devel`.

Kijana alikuwa ameshashusha `sqlite3.h` kutoka mtandaoni na kuliweka karibu na `db.c`. Nikalifuta. Faili la toleo moja na maktaba ya toleo jingine zinaweza kupita kwenye kompaila, kisha programu ikaanguka mbele ya mteja.

3. Sakinisha kifurushi ulichokipata, kisha jenga upya. `sudo apt install libsqlite3-dev`. Ukitumia CMake (chombo kinachoandaa ujenzi), futa kwanza folda ya kujengea, maana majibu ya zamani yanabaki ndani ya `CMakeCache.txt`.

4. Faili lipo, kosa ni lilelile? Basi gcc, kompaila yetu, haijui pa kuangalia. Mfano ni `libpq-fe.h` ya PostgreSQL, hifadhidata nyingine: `libpq-dev` huiweka ndani ya `/usr/include/postgresql`, mahali ambapo gcc haifiki bila kuelekezwa. Mwache pkg-config, chombo kinachojua maktaba ziko wapi, aionyeshe njia:

`gcc mteja.c $(pkg-config --cflags --libs libpq)`

5. Kosa likibadilika, umesogea. Kwa kijana wetu ikatokea `undefined reference to 'sqlite3_open'`, akashika kichwa. Hapo faili la .h limeshapatikana, kilichobaki ni kuitaja maktaba yenyewe:

`gcc db.c -o duka -lsqlite3`

Yeye alikuwa ameandika `-lsqlite3` kabla ya `db.c`. Tuliipeleka nyuma, ikapita.