Ukitaka uwakili wa haki jinai Pemba, anza na rumande

Vijana mnaomaliza shahada ya sheria mnanijia hapa Chake Chake kuniuliza njia ya kuingia kwenye mageuzi ya haki jinai. Nawajibu hivi: nunua daftari, uende rumande.

Kwanza tafuta wakili mkongwe ukae chini yake, au jitolee Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, alichokiasisi Profesa Haroub Othman na wenzake mwaka 1992. Fuatana na wasaidizi wa sheria wa vijijini. Wao ndio wanaojua mahabusu ni mtoto wa nani na jamaa zake wanapatikana wapi.

Ukipata ruhusa ya kuingia Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela kwetu Zanzibar, kwa kila mahabusu andika siku aliyokamatwa, nambari ya kesi, masharti ya dhamana na sababu ya kesi kuahirishwa. Usiandike "upelelezi haujakamilika" ukaishia hapo. Uliza kinachosubiriwa: shahidi, ripoti ya daktari, au jalada liko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka? Ukishajua, unajua pia mlango wa kubisha kesho asubuhi.

Itazame sana safu ya dhamana. Chukua msimu wa karafuu, vijana wawili wameshitakiwa kwa wizi wa pishi chache. Mmoja wa Mtambile: baba na mjomba wamefika na vitambulisho na barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yao, jioni yupo kwao. Mwenziwe katoka Bara, kaja kuchuma. Hana sheha anayemjua wala jamaa kisiwani. Kosa lile lile, hakimu yule yule, naye analala ndani mpaka karafuu zimeshaanikwa na kuuzwa. Hili linaniuma, na nataka likuume na wewe.

Omba masharti yalegezwe. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakataza mtu kubaguliwa kwa kabila, rangi au pahala alipotokea. Kisome kwa adabu, bila kumtuhumu hakimu. Mtafute mwenye shamba aliyemwajiri kijana, umuombe amdhamini; mara nyingi hukubali akifuatwa nyumbani, si kwa simu. Ikishindikana, peleka maombi Mahakama Kuu.

Kazi hii hailishi nyumba. Ofisi yangu inaendeshwa na kesi za ardhi na mikataba ya mauzo. Nawe zipokee, ila siku ya rumande isiguswe na mteja yeyote.

Daftari likijaa, toa majina, uhesabu waliobaki ndani kwa kukosa barua ya sheha tu. Waombe kikao mahakama, polisi, waendesha mashtaka na masheha, uwawekee hesabu hiyo mezani. Usiende na madai kumi. Omba moja: kwa wachumaji wageni, barua ya mwajiri ipokelewe pahala pa barua ya sheha.