Taimauti haiombwi kwa kelele: maelekezo kwa mnaokaa meza

Jumamosi moja hapa Mtwara nilikaa meza ya mechi ya mpira wa kikapu kama skora, yaani mwandika pointi, meza yenyewe dawati la darasani, na honi ilikuwa ya bajaji tumeiunga kwenye betri, ukigusanisha nyaya mbili inalia mpaka kuku wanakimbia. Robo ya nne saa inasoma imebaki 1:20, bluu wanafunga kikapu wanaongoza kwa pointi tatu, kocha wao huyo mbio mbio mpaka mezani anachora T kwa mikono, na mimi bila kufikiria nikagusanisha nyaya. Refa akapiga filimbi, taimauti ikatoka, yaani mchezo unasimama dakika moja timu ziongee na makocha wao. Kocha wa weupe hakugomba, alikuja taratibu akaniinamia, "mdogo wangu, hapo kafunga nani?" Nikamjibu bluu. "Na kaomba nani?" Nikabaki naangalia karatasi. Bluu ile dakika waliitumia kupanga presha, yaani kuwabana wapinzani wanaporusha mpira, weupe kurudi kurusha tu wakapokonywa, mechi ikaishia hapo.

Kosa lilikuwa langu, na marefa nao hawakunirekebisha, maana wote tulikuwa tunaamini kocha akiomba anapewa, basi. Siyo. Taimauti ina mlango, kuna muda umefunguliwa na muda umefungwa, na kazi yako mezani ni kujua mlango uko wazi kwa nani.

Kwa timu zote mbili unafunguka mpira ukishakufa, yaani hauchezwi, saa imesimama, na refa amemaliza kuongea na meza. Hapo kwenye kuongea na meza ndo wengi wanaharibu, faulo imeitwa, refa bado anakuonyesha namba ya mchezaji kwa vidole, we ushapiga honi. Subiri amalize kwanza. Pia unafunguka kwa wote mtupo huru wa mwisho, ile mitupo ya adhabu ya faulo, ukiingia. Alafu kuna ule wa upande mmoja, kikapu cha kawaida kikiingia ni timu ILIYOFUNGWA tu ndo yenye haki, na kama kocha wao alishaomba mapema mtunza saa anasimamisha saa palepale na honi inalia, hamsubiri refa. Hii inahusu mechi nzima, ila dakika 2 za mwisho za robo ya nne na za muda wa nyongeza ndo inaleta ugomvi, kwa sababu hapo saa inasimama yenyewe kila kikapu kikiingia, kwa hiyo aliyefunga anaona mpira umekufa na saa imesimama, anajua na yeye ana haki. Hana, labda refa awe amesimamisha mchezo kwa jambo lingine.

Mlango unafungwa mpira ukishakuwa kwa mrushaji wa kutoka nje ya mstari, au kwa mpigaji wa mtupo huru wa kwanza. Kocha akifika sekunde moja baada ya hapo kachelewa. Na ukipiga honi kimakosa ukakatisha mchezo, dawa sio kumpa taimauti eti kwa kuwa honi imeshalia, mchezo unaendelea pale pale ulipokatishwa.

Sasa nani anaomba. Kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, na anakuja MWENYEWE mezani au mnaangaliana macho kwa macho na skora, anaomba wazi na ishara juu. Akipiga kelele tu kutoka benchi mwache apige, upepo wa bahari huku nusu ya maneno unabeba wenyewe. Mchezaji naye haombi. Hii vijana wanaitoa kwenye NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kule mchezaji mwenye mpira anaomba kwa refa na anapewa, wakija huku wanamfanyia refa T katikati ya mchezo alafu wanashangaa anawapita. Sisi tunacheza sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Kuna na ile ya Chris Webber, mchezaji wa Michigan, fainali ya vyuo Marekani 1993, Michigan wako nyuma 73-71 zimebaki sekunde 11 akaomba taimauti ambayo timu haina, wakapigwa teknikali, faulo ya utovu wa kanuni isiyo ya kugusana, North Carolina wakashinda 77-71. Watu wakiisikia wanajua na kwetu kocha aliyeishiwa akiomba ni teknikali. Hapana, kwetu skora hapigi honi tu, na vizuri zaidi ni pale taimauti ya mwisho inapotumika umtaarifu refa ili amwambie kocha kwamba zimeisha, inawapunguzia wote presha.

Idadi: 2 nusu ya kwanza, 3 nusu ya pili, 1 kila muda wa nyongeza, na hazihamishwi. Kinachosahaulika ni kwamba katika zile 3, dakika 2 za mwisho unaruhusiwa 2 tu. Kocha aliyezibana zote mpaka saa ikasoma 2:00 moja imekufa, skora chora mistari miwili ya kulala kwenye kiboksi cha kwanza cha taimauti za nusu ya pili kwenye karatasi ya skora kabla hajaja kubishana. Kocha akighairi unamkubalia kama honi haijalia, ikishalia imeliwa.

Jingine la dakika 2 za mwisho, timu inayorusha kutoka nusu yake ya nyuma ikichukua taimauti, kocha wao anachagua arushie nyuma au kwenye mstari wa kurushia wa nusu ya mbele. ANACHAGUA. Refa usibebe mpira mbele tu kwa mazoea, muulize. Na akichagua mbele saa ya mashambulizi, ile inayohesabu sekunde za timu kurusha kikapuni, haizidi 14, makocha wengi hawalijui hilo na wakiambiwa wanadhani wameibiwa.

Taimauti ni dakika moja. Honi ya kwanza sekunde ya 50, maofisa wengi hawaipigi hii, alafu timu zikichelewa wanalalamika. Kama timu imeitwa na refa, kocha kaonywa na bado imeng'ang'ania benchi, inakatwa taimauti nyingine, na kama haina ndo teknikali kwa kocha.

La mwisho ni kuandika. Kwenye kiboksi unaandika dakika ya mchezo ILIYOFIKIWA, sio iliyobaki kwenye saa. Saa inasoma 7:20 kwenye robo ya dakika 10, zimeshachezwa 2:40, uko ndani ya dakika ya tatu, andika 3. Mimi nilikuwa naandika 7, msimu mzima.