Namna ya Kuitia Shime Timu Katika Mradi Mrefu wa Ubunifu

Mradi mrefu wa ubunifu, uwe ni filamu ya katuni, mchezo wa redio wa vipindi vingi au kitabu cha picha kinachoandaliwa na watu kadhaa, mara nyingi huanza kudhoofika ukiwa katikati. Mwanzoni wazo ni jipya na kila mmoja ana hamu nalo, na mwishoni tarehe ya kukabidhi kazi huwasukuma watu yenyewe. Lakini katikati upya umekwisha, mwisho haujaonekana, na kilichochorwa jana kinaweza kufutwa leo. Ukiwa kiongozi, panga kutia moyo kwa kipindi hicho kama unavyopanga vikao na bajeti, usingoje mpaka nyuso zinyauke.

Anza kwa kuwaonyesha watu umbali waliokwisha kwenda. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua takriban kumbukumbu 12,000 za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238 waliokuwa katika timu za miradi, wakaona kwamba kilichoambatana zaidi na siku njema kazini ni mtu kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi anayoiona ina maana. Tatizo ni kwamba anayechora au kuandika kila siku haioni hatua yake mwenyewe. Kwa hiyo tunza rasimu za mwanzo, na kila mwisho wa juma bandika ukutani mchoro wa mwezi wa kwanza kando ya ule wa juma hili. Wape watu dakika chache wautazame kabla hujasema lolote.

Ukifika wakati wa kusema, taja kitu chenyewe. “Kazi nzuri, tuendelee hivyo” ni maneno yanayomfaa yeyote, na kwa sababu hiyo hayamgusi mtu. Chukua mfano wa mchoraji aliyerudia mara tisa mkono wa mhusika aliyebeba ndoo. Mwambie: “Jana mkono huu ulikuwa unaelea, leo umelivuta bega chini kidogo na ndoo inaonekana ina maji kweli. Sasa mwenzako wa sauti anajua mahali pa kuweka mguno.” Hapo umetaja kilichobadilika, umetaja alivyokibadilisha, na umemwonyesha aliyenufaika nacho. Maneno ya namna hiyo hayapatikani bila kuitazama kazi kwa makini, na nadhani huko kutazamwa ndiko watu wanakokuthamini kuliko sifa yenyewe.

Wapo viongozi wanaobana sifa kwa hofu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu hiyo ina msingi, ila inategemea kilichosifiwa. Watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walilegea mapema kuliko waliosifiwa kwa juhudi zao. Watu wazima kazini si watoto darasani, lakini tahadhari inafaa: anayeitwa fundi asiye na mfano huweza kuogopa kujaribu lolote litakalomvua jina hilo. Sifu njia aliyoitumia, uvumilivu wake na uamuzi aliouchukua.

Siku ngumu kuliko zote ni ile ambayo kazi ya majuma matatu inaondolewa. Usiseme kwamba hakuna kilichopotea, kwa maana kimepotea na aliyekifanya anajua. Mwite faragha kabla ya kikao ili asiisikie habari hiyo mbele ya wenzake, mweleze sababu bila kuzunguka, kisha muulize ni nini katika kazi ile angependa kisitupwe. Pengine ni rangi ya mapambazuko, pengine ni mstari mmoja wa mazungumzo. Kitafutieni nafasi pengine, na kikipatiwa, itangazie timu kilikotoka. Ikiwa hakuna kinachookolewa, kubali hivyo na umpe siku moja ya kazi nyepesi kabla ya kumkabidhi onyesho jipya.

Wengine hufurahi kusifiwa hadharani, wengine huona haya, waulize mapema.

Ni lazima pia kutofautisha kuvunjika moyo na kuchoka mwili. Timu iliyokesha siku nne mfululizo haihitaji hotuba, na kuipa maneno matamu huku mzigo ukibaki ulivyo ni kuipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sogeza tarehe, punguza maonyesho, au ongeza mtu. Ikiwa huna mamlaka hayo, nenda ukawatetee kwa aliye nayo, kisha uwaambie ulichojibiwa, hata kama jibu si zuri.

Mwisho, weka daftari lenye ukurasa wa kila mwanatimu, na uandike humo jambo moja mahususi uliloliona katika kazi yake pamoja na siku ulipomwambia. Kurasa za wanaosafisha mistari, wanaopanga mafaili na wanaohariri sauti ndizo hubaki tupu mara nyingi. Ukikuta ukurasa haujaandikwa kitu kwa majuma mawili, kesho yake asubuhi kaketi kando ya mtu huyo na umwombe akuonyeshe anachokifanya.